Kalenda ya Sabuni

Balige, 14 Januari 1969

Kwa mpwa wangu mpendwa Rumondang, binti wa dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie katika jina la Bwana wetu, aliyetuvusha mwaka tukiwa salama, wewe huko Jakarta na sisi huku ziwani. Kabla ya lolote, naomba radhi. Barua yako ya Krismasi ilinifikia mapema, nami nimekaa nayo wiki tatu bila kuijibu. Kisingizio changu ni kifua, ambacho mvua za Desemba hukirudia kila mwaka kama mgeni anayejua chumba chake. Lakini mwalimu aliyewachapa watoto kwa kuchelewa miaka thelathini na minne hana haki ya kuchelewa. Unisamehe.

Sisi hatujambo. Mama yako hajambo, ila goti. Mpunga wa shamba la chini umeshika vizuri. Mwanangu Mangara, kule Siantar, amepata mtoto wa tatu, wa kike, naye wamempa jina la marehemu mke wangu, Lamria. Nimefurahi sana, ingawa bado sijaweza kulitamka jina hilo kwa sauti ya kumkanya mtoto.

Sasa niruhusu niingie katika jambo lililonishikisha kalamu. Baba Togar wa dukani amerudi kutoka Medan na bunda la kalenda za sabuni ya Ua la Asubuhi, naye humpa moja kila anunuaye vipande sita. Juu ya miezi yote kumi na miwili upo wewe. Hilo peke yake lisingetushangaza. Picha zako za matangazo tumezizoea: ile ya mwavuli, ile ya cherehani, ile ya viatu. Nimezibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu, mahali ambapo macho ya mchungaji hayafiki. Lakini katika picha hii umefunikwa kichwani shuka ya buluu iliyoiva, imekushukia mabegani, na macho yako yako chini. Umezaliwa hapa, mpwa wangu. Unajua kwamba mwanamke wa kwetu hufunikwa shuka ile kichwani siku moja tu, siku anapofiwa na mume.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kibarazani kwa mama yako nikinywa kahawa. Tukamwona Mama Sorta, muuza samaki, anakuja na wanawake kumi na mmoja nyuma yake, kila mmoja na kikapu cha mchele kichwani, kama iendewavyo nyumba ya msiba. Alianza kulia akiwa bado njiani.

"Mama Rumondang, umetuficha! Mkwe amekufa, nawe unamenya vitunguu kama hapana kitu!"

"Mkwe gani?" mama yako akauliza.

"Unatuuliza sisi? Mtoto kafunikwa kichwa, Balige nzima imemwona!"

"Lile ni tangazo la sabuni!"

"Sabuni haifiwi, mama."

Kutoka nyuma Mama Hotma akauliza, "Kwani aliolewa lini? Mbona nyama ya harusi hatukula?"

"Nyamaza wewe," Mama Sorta akamwambia bila kukatiza kilio. "Lia kwanza, nyama utaiulizia baadaye."

Mama yako aliwarudisha wote na mchele wao. Tangu hapo haendi sokoni ila mwishoni, wachuuzi wakiwa wamekwisha kufunga. Kalenda yetu ameikata kwa mkasi. Miezi ameitundika, picha sijui ameiweka wapi.

Ningekuachia ucheke kama si akina Napitupulu wa Laguboti. Tangu Novemba wanazungumza nasi kuhusu kijana wao Binsar, yule mgawa dawa, nawe uliandikiwa na hukukataa. Sasa wamemtuma mzee wao kwa adabu kubwa. Wanauliza kama wanachumbia msichana au mjane. Watangoja hadi Pasaka ipite, baada ya hapo watatafuta kwingine.

Kwa hiyo nakuomba, nami nakuomba kwa unyenyekevu maana najua una kazi nyingi, uniandikie mistari miwili nitakayowasomea: kwamba hakuna mtu aliyekufia, na kwamba shuka ile ilikuwa mchezo wa mpiga picha. Hiyo tu. Jina lako litarudi mahali pake, na mama yako atarudi sokoni asubuhi.

Barua hii ataichukua Mzee wa Kanisa Hilarius, aendaye Medan kutafuta tarumbeta mpya ya kanisa, naye ataitia posta huko.

Mjomba wako,
Kornelius Tampubolon


Jakarta, 20 Februari 1969

Shikamoo Mjomba,

Pole sana na kifua. Usinywe kahawa tu, chemsha na tangawizi. Mimi mzima. Mvua imejaa barabarani hadi tunakwenda ofisini viatu mkononi. Hongera kwa Lamria mdogo; nimemfumia soksi, zimetoka moja kubwa kuliko mwenzake.

Nimecheka kwa Mama Hotma na nyama yake. Kisha nikamwonea mama huruma. Mwambie asione haya, watu wanasahau.

Hizi picha, Mjomba, ni kazi ya Jumamosi tu, ofisi ya bima ikishafungwa saa saba. Wiki nzima napiga taipu habari za meli zilizozama, Jumamosi natabasamu. Ungeniona usingeamini. Nguo zote ni za kuazima na zote kubwa. Wananibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia, kwa hiyo mbele malkia, nyuma kamba ya nguo. Viatu unavyoviona vile nilijaza karatasi vidoleni. Sabuni niliyoshika kwenye kalenda ni kipande cha mti kilichopakwa rangi, maana sabuni ya kweli chini ya zile taa hutoka jasho. Bwana Liem mpiga picha hukaa juu ya kreti na kunipigia kelele, "Da' Rumondang, unatangaza mwavuli, si mazishi! Cheka! Sasa umecheka sana, umekuwa muuza karanga! Punguza!" Mikono ndiyo ngumu kuliko uso. Hujui uiweke wapi.

Kwa picha ya kalenda kampuni ilitaka kitu cha kwetu, nikapeleka ile shuka uliyonipa nilipoondoka. Ikawekwa kichwani. Ilipendeza kwenye mwanga. Sikujua wataifanya kalenda, nilidhani ni ya jarida tu, ukurasa wa ndani, ambao huko hamuuoni.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wasalimie wote. Barua nampa mpishi wa meli iendayo Belawan, bandari ya Medan; anaishi nyumba ya pili.

Mpwa wako,
Rumondang


Balige, 12 Machi 1969

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, na kukushukuru kwa soksi, ambazo nimezipeleka Siantar zote mbili bila kutoa maelezo. Nisamehe pia kwamba safari hii sikuchelewa; nahofia haraka yangu itakuudhi kuliko ukawiaji wangu.

Goti la mama yako limepata nafuu. Mvua imebomoa kidogo ukingo wa mfereji, vijana wameuziba.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ni barua njema, nami nimecheka kwa vile vibanio. Lakini mistari miwili niliyokuomba haimo. Umenieleza vibanio, na karatasi ya viatuni, na jasho la sabuni, ila hukuniambia ni nani aliyekuweka shuka kichwani, wala hukusema kwamba hakuna aliyekufa. Nilizoea watoto wa namna hii darasani. Ukimwuliza mtoto nani amevunja dirisha, akakueleza kwa urefu jinsi kioo kinavyotengenezwa, unajua tayari.

Kuna jambo jingine, nalo si langu bali la mama yako. Jumapili nilimkuta jikoni ameshika ile picha aliyoikata. Kumbe huiweka chini ya gunia la chumvi.

"Kaka," akaniambia, "kovu lake limerudi."

Unakumbuka jinsi ambavyo mama yako hulalamika kila utumapo picha za magazetini. "Wamempeleka wapi mwanangu? Kovu la kidevuni alilipata hapa hapa, kwenye jiwe la kisima, nililiosha mimi. Wamelifuta kama uchafu!" Nami nikamweleza kila mara kwamba katika kazi hiyo yuko fundi ambaye husafisha picha kwa brashi ndogo. Safari hii kovu lipo. Nami nilipovaa miwani nikaona na ile alama ya kuungua kwenye pindo la shuka, sawa na upana wa kidole gumba. Mtu alifanya kazi nusu, au hakuifanya kabisa.

Sitaki kukuhoji kama hakimu. Ila Pasaka ni tarehe sita Aprili, na akina Napitupulu ni watu wa kutimiza walisemalo. Mistari miwili, mpwa wangu. Kama ni ya kweli, iandike.

Barua hii inachukuliwa na mkunga wa hospitali, aendaye Medan kumpokea mtoto wa nduguye.

Mjomba wako,
Kornelius Tampubolon


Jakarta, 29 Machi 1969

Shikamoo Mjomba,

Barua nimeipata. Ofisini tuna kazi nyingi, meli mbili zimegongana Makasar.

Nimejaribu kuandika mistari uliyotaka. Nimeharibu karatasi nne. Mimi ni mpiga taipu, Mjomba, siharibu karatasi.

Pasaka njema. Hii naitia posta mwenyewe.

Rumondang


Balige, 16 Aprili 1969

Kwa mpwa wangu Rumondang,

Amani ya Pasaka iwe nawe. Naomba radhi kwamba barua hii itaanza bila habari za shamba.

Akina Napitupulu walikuja Jumatano baada ya sikukuu, watu sita. Mama yako aliwapikia samaki mkubwa wa ziwa kwa manjano na viungo vyote, kama ipasavyo kwa watu unaotaka wabaki. Walipokwisha nawa mikono, mzee wao akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye mjomba wa binti. Hatukuja kula. Tumekuja kusikia neno moja kinywani mwako, na tukilisikia, hatutauliza tena."

Mpwa wangu, neno hilo nilikuwa nalo. Watu wote katika chumba kile wangeniamini; wengine niliwafundisha kusoma. Mama yako alinitazama kutoka mlango wa jikoni. Nikafumbua kinywa, nikasema, "Neno hilo sina."

Mzee akauliza, "Huna leo, au huna?"

"Sina."

Walishukuru kwa chakula, wakanishika mkono mmoja mmoja, wakaondoka. Samaki alibaki upande wa pili mzima. Mama yako akasema, "Ulishindwa nini, kaka? Neno moja! Wewe, mtu wa maneno!" Leo ni siku ya nane, hajanisemesha tena. Chakula changu hukileta, akakiweka, akaondoka.

Nakuandikia haya si kwa kukulaumu. Nakuandikia ili ujue kwamba sasa wamekwisha kwenda, na huna sababu tena ya kuandika lisilo kweli. Nami sitakuuliza mara ya tatu.

Badala yake nitakueleza jambo la kwangu, ambalo sikupata kumweleza mtu. Mangara alipokuwa hajaoa, mke wangu alifariki, na kwa desturi zetu mume anayefiwa kabla mwanawe hajaoa hufunikwa pia. Watu wa nyumba ya mjomba wangu walikuja wakaniweka shuka kichwani, karibu na jeneza. Siku ya tatu wakaja tena kuifungua. Wakaiondoa, wakaniosha uso kwa maji, wakaniwekea punje za mchele utosini, wakasema maneno yanayosemwa. Nilikuwa mtu wa shule ya misheni, nilijiona nimepita mambo hayo. Lakini walipoivuta ile shuka niliishika kwa mikono miwili. Chini yake hakuna aliyekuwa akiuona uso wangu, nami sikutaka kuonekana. Mjomba wangu alikuwa mzee kuliko nilivyo sasa. Alinibandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayemenya yai. Akasema, "Kornelius, mtu hajifunui mwenyewe. Ndiyo maana tumekuja."

Shuka hiyo sikuweza kuivaa wala kuichoma, ingawa usiku mmoja nilijaribu, ndiyo ile alama ya pindoni. Ulipoondoka kwenda Jakarta na kuniomba kitu cha kwetu, nilikupa hiyo. Nilikosa. Nilipaswa kukuambia ilikuwa shuka gani.

Kama kuna mtu aliyejifunika mwenyewe, bila ndugu kuwapo, basi ninachojiuliza usiku na mchana ni nani atakayemfunua.

Barua hii ataichukua Hilarius, kwa maana ile tarumbeta ilikuwa na tundu na anairudisha.

Mjomba wako,
Kornelius Tampubolon


Jakarta, 4 Mei 1969

Shikamoo Mjomba,

Shuka nilikuwa naijua. Mkeo, Mama Lamria, alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nilikuwa nimekaa nyuma yako na glasi ya maji. Ndiyo maana niliipeleka ile, si nyingine.

Alikuwa anaitwa Wempi Kaunang, mtu wa Tondano, si wa kwetu. Ndiye aliyekuwa akisafisha picha kwa Bwana Liem, na maandishi ya matangazo aliyaandika yeye, kwa mkono. Nilimjua kwa sababu nilikwenda kumgombeza. Baada ya ile picha ya mwavuli, mama aliniandikia kuhusu kovu, nikaenda nikamwambia, "Wewe ndiye uliyenifuta kidevu?" Akasema, "Dada, hata mwavuli nimeufuta kasoro, haujaja kulalamika." Ndivyo tulivyoanza. Kila picha iliyofuata aliniuliza, "Tuliache?" Kisha Bwana Liem akamwamuru alifute, akalifuta, akaniomba msamaha.

Alitaka kuja Balige Krismasi iliyopita. Alikuwa anajifunza majina ya koo ili asikosee salamu. Aliniuliza mtu wa kumwogopa zaidi ni nani, nikamwambia ni mjomba. Akakununulia kofia. Nilimwambia kwetu mtu anayetaka binti hupeleka nyama, si kofia. Akasema nyama huliwa ikaisha siku hiyo hiyo, kofia mzee ataivaa kanisani.

Tarehe tisa Septemba alikufa kwa homa ya matumbo. Siku kumi na moja tu. Hatukuwa tumefunga ndoa wala hatukuwa tumesema kwa mtu. Mazishini nilikaa viti vya nyuma. Shangazi yake, aliyemlea, akaja na sahani ya keki akaniuliza, "Na wewe, binti, ni nani?" Nikasema, "Mimi ni yule wa mwavuli." Akasema, "Aa," akanipa keki.

Wiki ya tatu ikaja kazi ya kampuni ya sabuni. Bwana Liem alikuwa anapanga taa. Nilijiweka shuka mwenyewe, Mjomba. Hakuna mwingine. Nilisema moyoni ni dakika kumi tu, na hapa hakuna anayejua maana yake. Bwana Liem akasema, "Usisogee, hapo hapo, leo hata sikuhitaji kukwambia kitu." Picha haikusafishwa kwa sababu hakukuwa na wa kuisafisha.

Binsar ni mtu mwema. Sikukataa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa. Nimewaaibisha, na mama hakusemeshi kwa ajili yangu. Haya ndiyo yote.

Ile kofia ipo. Sina haki ya kuituma, maana mimi na yeye hatukuwa kitu mbele ya watu. Lakini kila nikifungua kabati ipo. Nimempa yule mpishi wa meli ailete pamoja na barua. Usipoitaka, mpe yeyote.

Mpwa wako,
Rumondang


Balige, 28 Mei 1969

Kwa mpwa wangu mpendwa Rumondang, binti wa dada yangu na wa nyumba yangu,

Nakusalimu kwa salamu zote nilizonazo, na kukuomba radhi kwa mambo mawili. La kwanza ni kuchelewa: barua yako na kile kifurushi vilifika tarehe kumi na saba, nami sikujibu hadi nilipokuwa na jibu. La pili ni kwamba nilikuomba, tena kwa maandishi na mara mbili, umkane marehemu. Sikujua. Lakini mtu mzima huomba radhi hata kwa asichokijua.

Kofia ni nzuri. Ni kubwa kidogo. Nimejaza karatasi ndani, kama nilivyojifunza kwako.

Niliwaendea wazee watatu kuwauliza kama mwanamke ambaye hakuolewa aweza kufunguliwa shuka. Wote walisema haiwezekani, kwa kuwa hakufunikwa na mwenye haki ya kumfunika. Wana haki kusema hivyo, na sikubishana nao. Lakini wao hawakuletewa kofia. Mimi nimeletewa. Kijana amenitolea zawadi, mimi mjomba, kwa mkono wake na kwa nia iliyo wazi, nami nimeipokea. Nawe unajua desturi: zawadi ya mkwe ikishapokelewa, mkwe ni mkwe.

Jumapili ya Pentekoste niliivaa kwenda kanisani. Sikuvuka hata soko.

"Mwalimu!" Mama Sorta akaniita, samaki mkononi. "Kofia hiyo vipi? Na wewe umeanza kutangaza sabuni?"

"Nimepewa na mkwe wangu."

"Mkwe yupi? Mke wa Mangara hana akili ya kuchagua kofia kama hiyo."

"Mume wa Rumondang. Alifariki Septemba."

Akamweka samaki chini. Kisha akasema polepole, "Si nilisema? Nikaambiwa sabuni!" Halafu akapandisha sauti, "Mwezi wa tano huu! Mtoto kakaa kafunikwa tangu Septemba, hana hata wa kumwosha uso, na ninyi mnakata kalenda kwa mkasi! Mama Hotma! Acha mizani, njoo!"

Mama yako nilikuwa nimemsomea barua yako Jumamosi. Jumatatu asubuhi wanawake walikuja, kumi na wawili wale wale, na vikapu vile vile. Nilikuwa kibarazani, nikaogopa. Akasimama mlangoni, akawatazama, akasema, "Ingieni. Alikuwa mtu wa Tondano, alikuwa na mkono mzuri wa kuandika." Ndipo akalia. Walilia naye hadi saa sita, na Mama Hotma hakuuliza habari ya nyama.

Nilitaka kuja mwenyewe, lakini daktari amenikataza meli kwa ajili ya kifua. Kwa hiyo nimemfundisha mama yako maneno yanayosemwa, nayo ameyashika kuliko nilivyoyashika mimi. Ujiweke ile shuka kichwani kwa mara ya mwisho, ukae, naye ataiondoa. Usiishike. Ukiishika, nimemwambia jinsi ya kubandua vidole. Atakuosha uso, kovu na yote, kisha atakuwekea mchele, ambao ni wa vikapu kumi na viwili, ngumi moja kutoka kila kikapu. Shuka airudishe kwangu.

Analeta pia shuka mpya, nyekundu, ya mabegani. Hiyo si yako. Ni jibu langu kwa kofia, kwa kuwa mkono uliopokea kwa mkwe haurudi mtupu. Mpelekeeni ninyi wawili yule shangazi aliyemlea, mkamfunike mabegani. Kama atakuuliza tena wewe ni nani, mwache mama yako ajibu.

Baada ya hapo, kama utaendelea na picha za Jumamosi, utuletee. Kwenye kifuniko cha sanduku bado pana nafasi. Kalenda imeunganishwa kwa gundi ya unga na iko ukutani; mwezi wa Juni umekaa upande kidogo, lakini unasomeka.

Mama yako hajapata kupanda meli. Mpokee bandarini mapema, na umpokonye kikapu, hata akikataa, kwa kuwa goti halijapona kabisa. Mchukuzi wa barua hii ni mama yako.

Mjomba wako,
Kornelius Tampubolon